Pakiti moja, lita moja

Moshi, Jumamosi asubuhi

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu. Jana simu ilikatika nikiwa bado nasema, na tangu hapo nikipiga haupatikani. Nimeona niandike, Baba Happy anapanda Coaster ya saa nne kuja Arusha, atakukabidhi mkononi.

Ni ile ORS, mwenzangu, unga wa chumvi na sukari waliokupa wa kumrudishia Junior maji anayopoteza kwa kuharisha. Ulisema umekoroga pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita ili iwe na nguvu. Usiku kucha nimewaza hilo. Pakiti ile ni ya lita moja. Ukipunguza maji haimsaidii Junior zaidi, inamvuta maji aliyobaki nayo.

Unakumbuka kachumbari ya sendofu ya Anna? Ulinyunyizia vitunguu chumvi, tulipogeuka sinia limejaa maji na vitunguu vimelegea. Hakuna aliyemimina maji pale. Yalitoka ndani ya seli za kitunguu, yakapenya utando wake kuifuata chumvi. Ndiyo osmosisi ninayowafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, na utumbo wa mtoto wetu unafuata kanuni ileile.

Na sukari ya ORS haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Kwenye seli za utumbo kuna mlango unaopitisha sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ikiwa imeshikana na glukosi, yaani hiyo sukari, kisha maji yanafuata. Mlango huo huendelea kufanya kazi hata mtoto akiharisha, jambo linalonishangaza mpaka leo. Halafu pampu za seli zinatoa nje chembe 3 za sodiamu na kuingiza chembe 2 za potasiamu, mchana na usiku, seli isije ikavimba. Potasiamu anayoipoteza chooni nayo imo kwenye pakiti.

Sasa angalia hesabu. Mkolezo wa damu, yaani wingi wa chumvi, sukari na vingine vilivyoyeyuka ndani yake, ni karibu miliosmoli 290 kwa lita. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipunguza chumvi na sukari ya ORS, mkolezo ukashuka kutoka 311 hadi 245, iwe nyepesi kuliko damu ili maji yaingie mwilini kwa urahisi. Kwa nusu lita umeifikisha 490! Ndiyo kile kitunguu.

Maji matupu peke yake, kama anavyotaka Bibi, nayo siyo. Chumvi ya damu ikishuka sana, maji yanaingia kwenye seli, za ubongo zikiwemo, zinavimba. Soda usimpe hata akililia, sukari yake imezidi.

Kwenye mfuko nimekuwekea chupa tupu ya lita moja, nimeiosha kwa maji ya moto. Jaza maji yaliyochemshwa yakapoa, ndipo utie pakiti. Ikipita siku nzima, mwaga, koroga nyingine. Mpe kidogokidogo kwa kijiko, akitapika subiri dakika kumi uendelee.

Mambo ya kikoba tutaongea baadaye, Mama Eliya anaweza kusubiri.

Amekojoa mara ngapi tangu jana? Akilia machozi yanatoka? Macho yamezama? Ananyonya? Vidonge vya zinki walikupa, na unampa kila siku? Na akilegea au akishindwa kunywa, nani atakupeleka hospitali usiku, gari la shemeji limepona? Chaji simu hiyo, Mama Neema. Ukipiga hata saa nane usiku napokea.

Wako,
Mama Glory