Barua kwa mwanangu: gari likivuta kuume, usianze na paralelisimu

Lubumbashi, Kamalondo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikia. Pole kwa shimo lile, na namshukuru Mungu hukuumia. Umesema tangu siku ile gari linavuta kuume, fundi wa huko Likasi amekwisha kufanya paralelisimu, bado linavuta, na sasa anadai pesa nyingine ili arudie. Usimlipe kwanza. Simwiti mwizi. Mafundi wengi wamezoea hivyo: gari likivuta tu, wanakimbilia ufunguo na kuzungusha vyuma vya usukani.

Elewa jambo hili kabla ya mengine yote. Paralelisimu ni umbali kati ya magurudumu mawili ya mbele ukipimwa kwa mbele yake, ukilinganishwa na umbali huo huo ukipimwa kwa nyuma yake. Ukikosewa, kwa kawaida gari halivuti upande. Magurudumu yale yameshikana kupitia usukani, kwa hiyo yakiwa barabarani yanagawana kosa nusu kwa nusu: gari linaendelea mbele, usukani unakaa mshazari, na matairi yanalika kwa siri. Ukipitisha kiganja juu ya tairi utahisi meno yanayokwaruza upande mmoja na kulainika upande mwingine. Hiyo ndiyo alama ya paralelisimu mbaya. Kinachovuta hutoka mahali pengine, na hapo ndipo pa kutafuta.

Anza na barabara yenyewe. Lami imeinuliwa katikati ili mvua ishuke mitaroni, na sisi Kongo tunaendesha kuume, kwa hiyo hata gari zima huelekea kuume kidogo ukilegeza mikono. Lako lina usukani kuume, kama mengi yaliyoshushwa Dar es Salaam na kupita Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, basi na uzito wako uko upande ule ule wa mteremko. Tafuta uwanja mpana, tambarare, usio na watu. Nenda kwa kilomita 40 kwa saa, shika usukani kwa vidole tu bila kuuachia, kisha geuza na urudi juu ya ardhi ile ile. Likivuta kuume ukienda na kushoto ukirudi, ardhi ndiyo imeinama. Likivuta kuume pande zote mbili, ni gari.

Halafu upepo wa matairi. Pima asubuhi kabla hujaendesha, kwa kipimo kimoja kwa matairi yote. Kiasi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nguzoni mwa mlango wa dereva; ukikuta 220 kPa, hiyo ni sawa na bar 2.2. Tairi lenye upepo pungufu hulivuta gari upande wake, na baada ya kugonga shimo rimu ikipinda kidogo tu upepo huanza kuvuja polepole. Tazama pia ubavu wa tairi, wa nje na wa ndani. Ukiona uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo lisirudi barabarani hata kwa kwenda sokoni.

Kama ubavu ni mzima na upepo uko sawa, mwambie fundi abadilishane matairi ya mbele, la kuume liende kushoto na la kushoto lije kuume. Mvuto ukihamia kushoto, umempata mkosaji: ni tairi, na hakuna mashine ya kupima pembe itakayoliponya. Matairi ya okazo, yaani yaliyokwisha kutumika, yenye majina tofauti na umri tofauti, hufanya hivi mara nyingi. Ila kama tairi lina mshale ubavuni linazungukia upande mmoja tu, na haliwezi kuhamishwa hivyo bila kutolewa kwenye rimu.

Kuhusu breki sitasema mengi, maana umeeleza kwamba linavuta hata usipokanyaga. Bado linaweza kuwa na breki inayokwama. Endesha kwa muda ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kugusa. Upande wenye joto kuliko mwenzake ndio unaoburuza. Huenda pistoni imeganda, huenda vyuma vinavyoteleza vimekauka kwa vumbi jekundu la kiangazi, au bomba la mpira la breki limevimba ndani na kuyazuia mafuta kurudi. Lakini gari likivuta wakati wa kukanyaga tu, kumbuka kwamba linakwenda upande unaoshika. Ulioharibika ni ule mwingine.

Sasa tufike kwenye shimo, maana hapa ndipo moyo wangu unaponiambia tatizo liko. Uligonga kwa gurudumu la kuume na gari linavuta kuume. Chukua futi ya fundi nguo, weka usukani sawasawa, upime kutoka ukingo wa nyuma wa rimu ya mbele hadi mahali pamoja kwenye bodi nyuma yake. Pima kuume, pima kushoto. Ukikuta gurudumu la kuume limerudi nyuma kwa sentimita moja, mkono wa chini, yaani chuma kinacholishika gurudumu kwa chini, umepinda, au silembloki zake, ile mipira ya kwenye maungio, zimechanika, au fremu inayoushika imesogea. Gurudumu likisukumwa nyuma hivyo, mhimili linalogeukia huwa haulali tena kuelekea nyuma kama ulivyotengenezwa, na gari hufuata upande wenye mlalo mdogo. Futi hiyo itakuambia mengi kuliko maneno ya garaji nzima.

Kuna pembe nyingine pia: jinsi gurudumu linavyolala ukilitazama gari kwa mbele. Gari huvuta upande ambao gurudumu limeelekeza kichwa chake nje zaidi kuliko mwenzake. Amortisa (shokomzoba) iliyopinda au mkono uliopinda huleta hali hiyo, na tairi litalika ukingo mmoja tu, laini, bila meno.

Kabla ya kupima pembe yoyote, fundi ainue gari. Azuie magurudumu ya nyuma kwa mawe, aweke stendi chini, asitegemee kriki (jeki) peke yake, na wewe usiingize hata mguu chini yake. Ashike gurudumu kwa mikono kushoto na kuume kwake, alitikise: likicheza, rotuli za usukani, yaani viungo vyake, zimechoka. Ashike juu na chini: likicheza, ni beringi au rotuli ya chini. Kisha aingize chuma kirefu kwenye silembloki za mkono, aone kama mpira umeachana na chuma. Silembloki iliyochanika utaihisi hata wewe: gari huenda upande mmoja ukikanyaga mafuta na upande mwingine ukiachia. Kufanya paralelisimu kwenye gari la namna hiyo ni kama kumpima nguo mtoto anayeruka ruka. Vilivyochoka vibadilishwe kwanza.

Baada ya hayo ndipo upimaji. Kamba ambazo mafundi hupimia sizidharau hata kidogo. Fundi mwenye subira anaweza kuweka paralelisimu sawa kwa kamba na futi, mradi baada ya kulishusha gari alisukume mbele na nyuma ili magurudumu yatulie, na apime mbele na nyuma ya tairi kwa kimo kile kile. Lakini kamba haikuonyeshi jinsi mhimili ulivyolala. Kwako, baada ya pigo kama lile, nataka mashine inayopima magurudumu manne, kwa hiyo uje hapa Lubumbashi. Ni kilomita 120 tu.

Utakapofika kwenye mashine, toa magunia ya makala (makaa) unayopenda kutubebea, maana mzigo hushusha gari nyuma na pembe zinabadilika. Upepo uwe sawa. Waanze na magurudumu ya nyuma, kwa sababu ekseli ya nyuma ikielekea upande, usukani hautanyooka kamwe. Kisha pembe za kulala, na paralelisimu mwisho kabisa, usukani ukiwa umefungwa katikati. Vyuma vya pande zote mbili virekebishwe kwa kiasi kinacholingana, la sivyo utaendesha mkono ukiwa umepinda.

Dai karatasi mbili, ya kabla na ya baada. Namba zimeandikwa kwa digrii na dakika, na dakika 30 ni nusu digrii. Ukiona mlalo wa mhimili wa kuume na wa kushoto unatofautiana zaidi ya nusu digrii, usikubali neno la “ni kawaida”. Magari mengi madogo kama lako hayana bolti ya kurekebisha mlalo huo. Namba ikikataa kuna chuma kilichopinda, na kinabadilishwa, hakipigwi nyundo.

Nakusumbua na haya yote kwa sababu najua barabara ile. Malori ya shaba yanakupita kushoto, na kuume, pale gari lako linapotaka kwenda, ndipo wanapopita vijana wanaosukuma baiskeli zenye makala. Kila ukipepesa macho kwa uchovu wa zamu ya usiku hospitalini, gari linawaendea wao. Hilo siwezi kulala nalo.

Basi leo, kabla hujamjibu fundi, nitumie vipimo viwili vya futi na picha ya ukingo wa ndani wa tairi la kuume. Kama gurudumu linacheza juu na chini, liache gari huko na upande basi; nitakuja mimi na vifaa Jumamosi. Kama halichezi, njoo nalo mchana, polepole, na mama yako atakupikia bukari (ugali) na samaki.

Baba yako