Manjano ya "nano" iuzwe na vipimo vyake

Mhariri,

Manjano iliyoandikwa "nano", inayodaiwa kuwa ya chembe ndogo mno na hivyo kufyonzwa vizuri zaidi mwilini, inatangazwa sana hapa Dar es Salaam, ya chupa na ya pakiti, na huuzwa ghali kuliko ile ya kupima sokoni Kariakoo. Tunaomba nafasi tueleze mnunuzi anapaswa kulipia nini hasa.

Sayansi yenyewe ni ya kweli. Kiini cha manjano, kurkumini, ni takriban asilimia 3 tu ya unga. Hakiyeyuki vizuri katika maji, na kidogo kinachopenya hubadilishwa upesi na ukuta wa utumbo na ini, kisha hutolewa. Kikiyeyushwa katika mafuta yaliyovunjwa kuwa matone yasiyozidi nanomita 200 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), mafuta hayo humeng'enywa haraka, na nyongo hukibeba kiini hadi kwenye ukuta wa utumbo.

Ugumu uko katika kuyapata matone hayo. Kurkumini huyeyushwa kwanza katika mafuta ya uvuguvugu, na maji hutiwa lesithini au polisobati 80, viambato vinavyozuia mafuta na maji kutengana. Vyote hukorogwa kwa mashine ya kasi, halafu hupitishwa mara tatu hadi tano kwenye mashine ya shinikizo kubwa, baa 1,000 hivi (kama mara elfu ya shinikizo la hewa), huku vikipozwa. Blenda ya nyumbani haifiki huko. Matone yake ni ya mikromita kadhaa (mikromita ni nanomita 1,000). Huungana, na mafuta huelea. Kinu nacho hutoa chembe za makumi ya mikromita, kwa hiyo unga mkavu uliosagwa laini si nano hata kidogo.

Na mafuta yana kikomo. Gramu moja ya mafuta ya kula haiyeyushi hata miligramu 10 za kurkumini. Chupa ya mililita 100 yenye mafuta asilimia 10 haitabeba zaidi ya miligramu 100. Ikidai gramu 5, nyingi itatuama chini kama tope la rangi ya chungwa. Kama mtengenezaji ameongeza polisobati nyingi ili ibebe zaidi, aitaje kwenye lebo, pamoja na ukubwa wa matone uliopimwa siku ya kutengeneza na baada ya miezi ya kukaa dukani kwenye joto letu. Chupa iwe ya rangi nzito, maana mwanga huharibu kurkumini.

Asiyemudu bei hiyo akaange manjano yake katika mafuta pamoja na pilipili manga iliyotwangwa. Utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa miligramu 20 za piperini, kiini cha pilipili manga, ziliongeza kurkumini mwilini mara 20 kwa watu waliomeza gramu 2 za kurkumini.

Lakini kinachoongeza ufyonzwaji huongeza pia hatari. Piperini hupandisha kiwango cha dawa nyingine katika damu, ikiwemo fenitoini ya kifafa. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa 10 walioumia ini baada ya kutumia virutubisho vya manjano. Baadhi ya bidhaa hizo zilikuwa na piperini. Manjano ya kwenye mchuzi haina shida hiyo. Tunazungumzia dozi kubwa za kila siku.

Tunaziomba TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) na TBS (shirika la viwango) zidai vipimo hivyo kabla neno "nano" halijaruhusiwa kwenye lebo. Na anayetumia bidhaa hizi akiona macho yamekuwa ya njano au mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, aache mara moja na aende hospitali na chupa yake mkononi.

Wafamasia wawili,
Upanga, Dar es Salaam