Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Tufunzeni kwanza sisi walimu

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Elimu ya Dini katika sekondari msingi. Tangu muhula uliopita nimekuwa nikiahirisha barua hii, nikitumai tutaitwa warsha tufunzwe namna ya kuingiza afya ya akili katika masomo yetu. Hatukuitwa. Wiki iliyopita uvumilivu uliniishia.

Ilikuwa saa nne usiku, nasahihisha insha za Gredi ya Nane, wanafunzi 71. Mvulana mmoja alisimulia usiku ambao Mto Nyando ulivunja kingo, mbuzi wa babake wakasombwa, nao wakaenda kulala darasani pamoja na majirani. Mwishoni aliandika kwamba haoni tena haja ya kuamka asubuhi. Mheshimiwa, nilikuwa nimeshapigia mstari mwekundu kosa la upatanisho katika sentensi hiyo hiyo kabla sijatambua alichokuwa akiniambia.

Sikulala. Asubuhi nilimwita chini ya mwembe nyuma ya jiko la shule, nikakosa pa kuanzia. Viambishi najua kuvifundisha. Sikujua kama nikimuuliza waziwazi iwapo anawaza kujiua nitamsaidia au nitamsukuma. Nilimuuliza nikitetemeka, akalia, akasema ndiyo. Baadaye muuguzi alinieleza kwamba kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango wa kusema. Miaka yote hii niko darasani, na neno hilo moja nimelisikia kwenye foleni ya hospitali, baada ya mimi na mamake kuchangishana nauli ya kwenda mjini. Mwalimu wetu wa ushauri nasaha naye anafundisha Kilimo na Sayansi na hana hata chumba cha kuzungumzia na mtoto.

Mvulana yuko hai na anasaidiwa. Lakini daftari lake lilikuwa karibu na mwisho wa rundo. Kama ningechoka mapema usiku ule, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Niliporudi nyumbani nilifungua maazimio yangu ya kazi, yaani mpango wa yale nitakayofundisha muhula mzima. Penye masuala mtambuko, yale yanayopaswa kuguswa katika kila somo, nimeandika "afya ya akili" kwa mkono wangu, wiki baada ya wiki. Nimeandika kwa sababu mtaala unataka pajazwe, na anayekuja kukagua hutazama kama pamejazwa. Darasani sijafanya lolote. Hakuna aliyewahi kunionyesha lifanyweje, na jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Naomba nikukumbushe, kwa heshima. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya Saba walipoingia mwaka wa 2023, Stadi za Maisha na Elimu ya Afya yalikuwa masomo yenye vipindi vyake. Kisha masomo yakapunguzwa hadi tisa ili watoto wapumue, na hayo mawili yakaunganishwa na mengine. Nia ilikuwa njema. Lakini kitu kikishakuwa kazi ya kila mwalimu bila mwalimu yeyote kufunzwa, nani atakifanya? Labda fedha hazikutosha. Labda waliopanga walidhani yeyote anayefundisha watoto anayajua haya kwa asili yake. Jopokazi la serikali kuhusu afya ya akili lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Shirika la Afya Duniani nalo limeeleza kuwa nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14. Huo ndio umri wa watoto walioko mbele yangu kila siku.

Sikuombi somo jipya. Katika Kiswahili nina pa kuanzia tayari. Watoto wetu wakiwa na huzuni husema kwa Dholuo "chunya lit", moyo wangu unauma. Wakifika kwa mwalimu husema kichwa kinauma, nasi huwapa tembe. Ningewapa maneno: wasiwasi, upweke, msongo wa mawazo, sonona, na tofauti ya hili na lile, ili mtoto aweze kutaja kinachomsumbua. Mwenzangu wa Hisabati angewaagiza waandike saa wanazolala kwa wiki moja, watafute wastani, wachore grafu. Huku kwetu mvua za Aprili zikikaribia, na hofu ya mafuriko nayo, grafu hiyo ingetuambia mengi. Katika Sayansi wangepima mapigo ya moyo wakiwa na hofu na baada ya kuvuta pumzi polepole.

Ila huzuni ya mtoto isije ikapimwa kwa viwango vya ripoti zetu, "kufikia" au "kukaribia matarajio". Apimwe kama anajua kumsikiliza mwenzake, na kama anajua aende kwa nani.

Ombi langu ni moja. Tupeni siku tano za likizo ya Agosti, walimu wa masomo yote, si wa ushauri nasaha peke yao, tufunzwe na watu wanaoijua kazi hii: namna ya kuliingiza jambo hili katika andalio la somo, na namna ya kumjibu mtoto anapofungua kinywa. Siombi posho. Nilipokuwa mwalimu mwanagenzi kwa shilingi 20,000 kwa mwezi nilijinunulia vitabu vya kufundishia, na chakula cha siku tano nitajibebea. Siku tano, Mheshimiwa.

Mvulana yule anarudi shuleni Jumatatu. Daftari lake bado liko mezani kwangu, na chini ya insha yake panangoja maoni ya mwalimu. Nimeyajaribu mara tatu kwenye karatasi ya kando, na mara tatu nimeichana.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kiswahili,
Nyando, Kisumu