Gego la Miaka Sita: Jino la Kudumu Linaloota Kimya Kimya

Mama mmoja wa Lanet, karibu na mji wa Nakuru, alituletea kijana wake wa miaka minane, shavu limevimba, usiku kucha hajalala. Nilipomulika taa niliona gego la chini limetoboka, shimo la kutosha kuingia punje ya dengu. Nilipomweleza mama kwamba jino limefika pabaya, akashusha pumzi. "Lakini daktari, si hilo ni la utotoni? Litang'oka tu, liote lingine."

Halikuwa la utotoni. Lilikuwa jino la kudumu, na lilikuwa na miaka miwili tu kinywani.

Hiyo "litang'oka tu" tunaisikia sana hapa kliniki, na simlaumu mzazi anayeisema. Tumezoea jino la ukubwani litanguliwe na pengo: la mbele linalegea, mtoto analisukumasukuma kwa ulimi hata darasani, linatoka, linarushwa juu ya paa, kisha jipya linachomoza. Gego la kwanza la kudumu halingojei hayo. Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya magego yote ya utotoni, mahali ambapo hapakuwa na jino kamwe. Hakuna kinachong'oka. Wengi hawalalamiki, labda aseme tu fizi ya nyuma inamwasha. Yako manne, mawili juu na mawili chini.

Unaweza kulitambua mwenyewe nyumbani. Mlaze mtoto kichwa mapajani pako, karibu na dirisha, uhesabu kutoka katikati ya taya kwenda nyuma. Meno ya utotoni ni 20, yaani matano kila upande, juu na chini: mawili ya mbele, chonge, magego mawili. Pengo nalo lihesabu. La sita ukilikuta, hilo halina mrithi.

Na ndilo linalooza upesi. Sehemu yake ya kutafunia ina mifereji myembamba inayonasa mandazi na biskuti, na enameli yake, lile tabaka gumu la nje, bado changa. Tena huchukua miezi kupanda hadi usawa wa wenzake, kwa hiyo mswaki hupita juu yake bila kuligusa. Ingiza mswaki kutoka pembeni ya shavu, ukilisugua hilo peke yake. Mpigie mtoto mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka saba au minane. Mkono wake haujafika huko nyuma. Dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya njegere, na aiteme.

Kutema huko nakusisitiza kwa sababu ya maji yetu: dawa ya meno ina floraidi, madini yanayokinga jino lisioze lakini yakizidi huliharibu, na maji yetu tayari yanayo. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno ya kudumu yanajengeka ndani ya taya, yataota na madoa meupe au ya kahawia ambayo mswaki hautoi. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki. Ukiweza, mtoto anywe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kutibiwa.

Magego ya utotoni nayo yasing'olewe ovyo kwa kuwa eti ni ya muda. Warithi wao huja kati ya miaka 10 na 12. Likitolewa mapema, gego la miaka sita huinamia pengo, na mrithi akifika anakosa mahali. Ndiyo maana tukiweza tunaziba.

Ama safu mbili za meno ya mbele chini, ambazo huwatia wazazi hofu kubwa, mara nyingi hujirekebisha: la zamani hutoka, ulimi hulisukuma jipya mbele. Miezi mitatu ikipita na la zamani halijalegea, njooni.

Mtoto akitimiza miaka sita mlete hata kama haumwi. Gego likishapanda vya kutosha tunalisafisha, tunalikausha, tunaijaza mifereji yake utomvu maalumu, kisha tunaukausha kwa taa ya buluu. Hakuna sindano wala kuchimba. Huwa tunampa mtoto kioo ashike, aone jino lake jipya lilipo, maana wengi hawajui kama wanalo.