Jogoo wa baba na chuo cha WECO

Kakamega, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Salamu kutoka huku kwenye mvua. Sisi hatujambo, ila goti langu la kushoto lina maneno yake, hasa usiku. Ujumbe wako wa sauti niliupata Alhamisi, nikausikiliza mara tatu. Nimeona afadhali nikuandikie, maana kwa simu huwa unanikatiza.

Kwanza, huyo kijana wa Neema mwambie atoke chumbani ale. C- ya mtihani wa Kidato cha Nne si msiba. Pili, uliposema nimtafutie nafasi pale WECO "kama tulivyoingia sisi", nilicheka peke yangu jikoni. WECO, Mama Neema! Juzi nilimwambia mwenye bodaboda anipeleke WECO, akaniuliza kama hiyo ni supamaketi mpya. Nikasema Masinde Muliro, chuo kikuu, ndipo akawasha pikipiki. Ni palepale petu, barabara ya Webuye, upande wa Lurambi, lakini ukishuka hutapajua. Ghorofa juu ya ghorofa, na nje ya geti vibanda vya fotokopi na chipsi vimejipanga kama meno.

Nataka umsomee mjukuu sehemu hii inayofuata, kwa sababu anadhani chuo ni kitu ambacho serikali humwandalia mtu na jina lake juu yake.

Miaka ile ya mwanzo ya 1970 mimi nilikuwa darasa la pili. Vijana walikuwa wanamaliza Kidato cha Nne na kurudi kukaa nyumbani. Kazi za ofisini walizoachiwa Waafrika baada ya uhuru zilikuwa zimejaa, na chuo kikuu nchi nzima kilikuwa kimoja, cha Nairobi. Ndipo watu wa Mkoa wa Kati wakaanza kuchangisha vyuo vyao vya ufundi: Kimathi kule Nyeri, Murang'a, Kiambu. Habari zikafika huku. Nani angekubali kuachwa? Kisumu wakaanzisha chao wakakiita Ramogi, jina la babu yao. Watu wa Bonde la Ufa wakachangia cha Nakuru. Sisi tukasema tutajenga cha Magharibi, hapa Kakamega makao makuu ya mkoa. Western College, WECO. Wasomi baadaye waliandika kwamba yale yalikuwa mashindano ya makabila. Ni kweli, yalikuwa. Ila mimi sijawahi kuona mashindano mengine ya makabila yaliyotuachia maktaba.

Mzee Masinde Muliro alikuwa mmoja wa waliokibeba chuo kile mabegani, tena akiwa waziri. Mwaka 1975 alipoteza uwaziri kwa kupiga kura pamoja na waliotaka ripoti ya mauaji ya mbunge J. M. Kariuki ikubaliwe. Baba yangu alikuwa akilisimulia hilo kwa sauti ya chini, hata miaka ya tisini.

Sasa, jogoo. Chifu wetu alikuwa na daftari lenye jina la kila mwenye boma, na ukienda kwake kutafuta barua yoyote, unaulizwa kwanza risiti ya harambee. Watu husimulia harambee kama kwamba kila mtu alitoa akiimba. Wengine walitoa wakinung'unika, na baba alikuwa katika hao. Shilingi hakuwa nazo, akatoa jogoo wake mwekundu. Nawe unajua jogoo ni nini katika boma la Mluhya! Jogoo akapelekwa sokoni akanadiwa. Mfanyabiashara mmoja akamnunua, akamrudisha mezani anadiwe tena. Mwalimu mkuu akamnunua, akamrudisha. Mchana ule mmoja aliuzwa mara tatu, na mara ya tatu bei yake ilikuwa imefika ya ndama. Baba aliporudi nyumbani hakununa tena. Mpaka anazikwa alikuwa akisema kuna ukuta pale WECO unaosimama kwa mguu wa jogoo wake. Ni ukuta gani, hakuweza kutuonyesha.

Sisi tulipoingia, wewe na hati mkato yako, mimi na hesabu za biashara, tuliona kawaida tu. Tulilalamikia githeri. Tulilalamikia taipureta zilizokosa herufi, ile yako iliyokataa "r" ukawa unaijaza kwa kalamu. Sikuwahi kufikiri kwamba dawati lile lilikuwa kuku wa mtu.

Miaka iliyofuata hukuwa huku, ulikuwa umeolewa Pwani. Mwaka 2002 WECO ilifanywa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, ikabadilishwa jina. Bunge likapitisha sheria yake 2006, na 2007 kikawa chuo kikuu kamili chenye jina la Muliro, ambaye mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1992. Na hakikukaa tasa. Kibabii kule Bungoma ilianza ikiwa tawi lake mwaka 2011, ikajitegemea 2015. Kaimosi nayo ilipitia mikononi mwake. Wana hata masomo ya kukabiliana na majanga, mafuriko na ukame, jambo ambalo wakati wetu lilikuwa kazi ya kanisa na ya Mungu.

Nilijivuna, sikufichi. Nilivaa kitenge kipya nikaenda kutazama mahafali ya mtoto wa jirani, nikamwambia kila aliyeketi karibu kwamba baba yangu alitoa jogoo. Lakini nikiwa pale nilijiuliza: mimi na wewe, kwa alama tulizokuwa nazo, leo tungesomea shahada hapa? Shahada wanataka C+. Tungegeuziwa getini, Mama Neema, wewe na hati mkato yako. Chuo tulichojengewa sisi watoto wa alama za katikati kilipanda juu, na mlango wetu ukahamia kwingine. Mambo ni hayohayo Nyeri na Murang'a. Na Kenya Polytechnic ya Nairobi na ile ya Mombasa, hapo kwenu, zilifanywa vyuo vikuu vya ufundi 2013. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kama kila chuo cha ufundi kinaona haya kuitwa hivyo.

Mlango umehamia wapi? Kwetu huku umehamia Sigalagala, barabara ya Kisumu, ukishapita Khayega. Unapakumbuka. Mwaka 2016 walipandisha vyuo kadhaa kuwa polytechnic za kitaifa, Sigalagala kikiwa kimojawapo. Kwa C- anaingia diploma bila kumbembeleza mtu. Angepata D angeingia cheti cha ufundi, na chini ya hapo bado kuna cha fundi stadi. Kabla ya 2023 karo ilipangwa shilingi 56,420 kwa mwaka, serikali ikawa inatoa 30,000 na iliyobaki mtu anaomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Mwaka huo utaratibu ulibadilishwa, siku hizi msaada na mkopo hupimwa kwa hali ya nyumbani, kwa hiyo Neema asiongope kwenye fomu kwamba ana duka. Vibanda viwili si duka.

Najua atakachosema. Atasema wenzake wanakwenda chuo kikuu naye anakwenda kushika spana. Nilimsikia kijana wa ndugu yangu akisema hayohayo. Alisomea umeme, na wiki iliyopita ndiye aliyekuja kunifungia soketi, akanitoza kama mgeni.

Basi usimlazimishe. Mlete likizo hii ajionee. Nitampitisha kwanza Lurambi, nimwonyeshe kuta zote achague wa jogoo, halafu tupande matatu hadi Sigalagala aingie karakana kwa miguu yake mwenyewe. Aje na cheti cha kuzaliwa, slipu ya matokeo na gambuti, maana matope ya mwezi huu hayana adabu. Kitanda cha Imani kiko wazi tangu aolewe.

Na umpe viungo vya pilau vya soko la Kongowea aniletee. Vya hapa ni vumbi.

Wako wa siku zote,
Mama Imani