Kwa wanangu wa Tanga wenye ofa mbili mkononi

Wanangu,

Assalaam aleikum. Nimesikia wapo kati yenu walioitwa na kampuni mbili za ushauri huko Dar es Salaam, wengine tatu, na kila moja inataka jibu kabla ya mwenzake. Mungu awazidishie. Hongera mmeshapewa za kutosha, mimi nina moja tu la kuwaambia: mtazameni kwanza mtu mtakayefanya kazi chini yake.

Najua lakini mtaanza na mshahara, basi tuumalize. Chukua ofa ya 1,800,000 na nyingine ya 1,600,000, zote mshahara wa msingi mtupu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanachukua asilimia 10, kodi inakatwa kwenye kinachobaki, na mwenye deni la Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 nyingine ya mshahara wa msingi. Kwa mwenye deni hilo, ile ya kwanza inaingia benki 1,036,000. Ya pili 940,000. Laki mbili zilizokunyima usingizi zimekuwa 96,000, na ofisi ikiwa mbali na chumba chako, nauli itakula humo humo. Afadhali uulize bima inamchukua mama yako au wewe peke yako. Uulize pia ukitumwa Mtwara hela ya hoteli unapewa kabla ya safari au unatoa mfukoni halafu unasubiri kurudishiwa. Kijana asiye na akiba anaweza kukopa ili aitumikie kampuni tajiri.

Jina nalo lina uzito, sikatai. Ila kampuni kubwa za hesabu duniani zilikuwa tano, leo tunahesabu nne. Arthur Andersen iliporomoka mwaka 2002 kwa mambo ya Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyokuwa mteja wake, na waliokuwa wakitembea na kadi zake wakaanza kutafuta kazi kama watu wengine.

Sasa mtu. Nilipokuwa mhasibu kwenye mkonge walikuja washauri wawili vijana, wa kampuni mbili tofauti, kwa nyakati tofauti. Mmoja maneja wake alimwingiza godauni tangu asubuhi kuhesabu marobota. Akatoka jioni nyuzi zimemganda shingoni, na kwenye kikao maneja akanyamaza, akamwachia yeye amweleze mkurugenzi kwa nini hesabu ya daftari haikubaliani na ya godauni. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, baadaye ikatulia. Yule wa pili alikaa siku zote kwenye kiyoyozi akipanga rangi za michoro, na kikao kilipofika aliachwa nje. Mishahara yao siijui. Ila najua nani alikuwa anajifunza kazi.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, ombeni kuzungumza na maneja mwenyewe, siyo afisa rasilimali watu peke yake. Muulizeni kijana wa mwisho aliyekuwa chini yake yuko wapi sasa. Akijikunakuna, mmeshajibiwa. Mtafuteni na huyo kijana, mmuulize alitoka ofisini saa ngapi.

Mkataba usomeni wote. Wakikulipia mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, angalia wanakufunga miaka mingapi na ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani. Jueni pia kwamba kwa sheria yetu ya kazi, mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga ile ya kuachishwa isivyo haki. Ndiyo maana ile kampuni mnayoikataa mnaiandikia kwa adabu, mkiishukuru: huenda mkarudi kuibishia hodi.

Wakisema jibu ndani ya siku tatu, ombeni wiki, kwa maandishi. Msidanganye kwamba wenzao wameongeza dau, maana watu wa ajira wanapigiana simu. Na kukubali mbili ili muitose moja dakika za mwisho, hapana.

Wengine wameahidiwa kazi za bomba la mafuta. Ni kweli bomba la kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani hapa hapa kwetu. Msisaini kwa tamaa ya kulala kwa mama. Mshauri humfuata mteja, na mteja wa mwezi ujao huenda yuko Geita.

Anayetaka tusome mkataba pamoja nipo nyumbani Ngamiani baada ya alasiri. Aje nao umechapwa kwenye karatasi, maandishi ya kwenye simu siyaoni tena.

Babu yenu