Mwanangu, usipite bila salamu

Mwanangu mpendwa,

Jumamosi ukija kuchukua masanduku nitakuwa bado sijatoka zamu, na mama yako hataki tulizungumze tena jambo hili la kuhamia kwako Lawndale, upande wa magharibi wa Chicago, mbele ya wadogo zako. Ndiyo maana naandika. Barua nimeitia ndani ya sufuria kubwa kwa sababu najua hilo hutaliacha.

Juzi usiku nilitazama taarifa ya habari kazini. Watu wawili wamepigwa risasi huko huko, karibu na reli ya Pink Line, treni hiyo hiyo utakayopanda kila siku. Nilikuandikia ujumbe nikaufuta, nikaandika mwingine nikaufuta. Niliona nikikuandikia saa ile nitakutumia woga mtupu, na woga wangu umeshausikia wa kutosha. Ya Jumapili ile sitayarudia. Unayajua, na najua kwa nini uliinuka ukaenda kuosha vyombo ambavyo hata havikuwa vichafu.

Sikukatazi. Una miaka 26, umesomea unesi huku unafanya kazi, na kati ya watoto wote ninaowafahamu hapa Chicago sijaona aliyekaza kamba kama wewe. Kilichoniuma ni kwamba habari ya nyumba ya Lawndale niliipata kwa shangazi yako. Baba hapaswi kuambiwa na dada yake kwamba bintiye amelipa kodi ya miezi miwili mahali fulani. Lakini hilo limepita.

Nina ombi moja. Zile hedifoni, zitoe masikioni.

Nimekuona hapa nyumbani ukishuka kwenye basi, masikio umeziba, macho kwenye simu, unampita mzee wa ghorofa ya chini kana kwamba umepita nguzo ya taa. Hapa wamekuzoea, wanasema binti yule ana haraka. Kule hawakujui. Mtu aliyekaa kwenye ngazi za nyumba yake tangu asubuhi ndiye anayejua gari lipi limezunguka mara tatu na nani amegombana na nani. Ukimpa salamu kila siku, iko siku atakuambia, binti, leo zungukia njia ile. Ukimpita umeziba masikio, hata akikuita hutasikia.

Hapo nimeandika kama kwamba salamu ni ulinzi unaonunuliwa. Sivyo nilivyotaka kusema. Wasalimie kwa sababu uko mlangoni kwao. Wewe ndiye mgeni, hata kama ndiye mwenye kitambulisho cha kazi shingoni.

Vijana wa kona usiwakimbie kwa kuvuka barabara. Watazame usoni mara moja, sema habari za asubuhi, endelea na safari yako. Usiwakodolee macho, usitoe simu kupiga picha nyumba zilizopigwa mbao madirishani. Zile nyumba zina wenyewe, na wenyewe wanakuona. Ukiingia nyumbani kwa mgonjwa usikae mpaka akukaribishe, na usianze kuandika kabla hamjajuliana hali. Mzee usimwite jina lake la kwanza mpaka aseme mwenyewe. Wewe umelelewa kwa shikamoo. Kiingereza hakina neno hilo, lakini sauti yako inalo, itumie.

Uliponiambia kwamba Martin Luther King aliishi mtaa huo nilinyamaza, ukadhani sijali. Sikuwa nikijua. Miaka yote hii katika mji huu, nami sikuwa nikijua! Tangu siku ile nimekuwa nikisoma usiku kazini. Aliingia Januari 1966 na mkewe, wakapanga vyumba ghorofani barabara ya Hamlin, ili watu waone kwa macho hali ya nyumba walizokuwa wakipangishwa Weusi. Agosti mwaka huo huo akapigwa jiwe la kichwa akiandamana Marquette Park, upande wa kusini magharibi. Jengo alimokaa lilishabomolewa, siku hizi pamejengwa nyumba nyingine zenye jina lake. Ukipita hapo nipigie simu, nataka kujua pakoje.

Nilichosoma kikaninyima usingizi ni habari ya mikataba. Benki zilikataa kuwakopesha Weusi, na serikali yenyewe ilishachora ramani zilizoitia mitaa yao rangi nyekundu, maana yake ni hatari kukopesha huko, tangu miaka ya 1930. Basi walanguzi wakawauzia nyumba kwa mkataba, kwa bei ya juu mno, hati ikabaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho. Ukikosa malipo ya mwezi mmoja, unatolewa nje na ulichokwisha lipa kinapotea. Mimi niliendesha teksi ya kukodi. Najua maana ya kuamka asubuhi ukiwa tayari unadaiwa kabla hujawasha gari. Lakini mimi jioni nilirudisha gari nikalala. Wale ilikuwa ni nyumba, na watoto wamo ndani. Mwaka 1968 wakajiunga pamoja, wengi wao ni watu wa Lawndale hiyo hiyo, wakagoma kulipa hadi kesi ikafika mahakama ya shirikisho.

Kwa hiyo ukiona viwanja vitupu usidhani ni watu wasiopenda kwao. Sears, kampuni kubwa ya maduka, walikuwa na makao makuu pale barabara ya Homan, maelfu ya watu wakila kwayo, yakahamishiwa katikati ya mji mwaka 1973. Viwanda vingine vikaondoka pia. Kabla ya hapo, Aprili 1968 King alipouawa, ghasia zikazuka, maduka mengi yakaungua na hayakurudi. Mwaka 1960 Lawndale ilikuwa na watu wapatao 125,000. Mwaka 2010 hawakufika 36,000. Kazi ndiyo iliyotangulia kuwaacha.

Haya yote ningeweza kuyasoma zamani. Sikuyasoma, kwa sababu nilikuwa nimeshapewa jibu siku ya kwanza nilipoanza teksi. Wenzangu walinifundisha mambo matatu, njia ya uwanja wa ndege, mahali pa kula bila kupigwa faini, na mahali pa kutokwenda. Hilo la tatu lilikuwa kinyume cha sheria ya jiji, lakini kila dereva alilifanya. Ukisikia anwani ya upande ule unazima taa ya juu unasema umemaliza zamu.

Julai 1995 hukuwa umezaliwa. Alhamisi tarehe 13 joto lilifika nyuzi 41. Wiki ile walihesabiwa watu 739 waliokufa kwa ajili ya joto, wengi wazee, wengi peke yao, madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi. Lawndale walikufa sana. Mtaa wa jirani, Little Village, kulikuwa na umaskini pia, lakini barabara zilijaa maduka na watu, wazee walitoka nje. Huko vifo, kwa kulinganisha na idadi ya watu, vilikuwa karibu sehemu moja ya kumi ya vile vya Lawndale. Umbali ni wa kutembea kwa miguu.

Siku ile nilikuwa nimeegesha mbele ya hospitali moja. Bibi mmoja alikuja na fimbo na mfuko wa plastiki, akainama dirishani akanitajia Pulaski na barabara ya 16. Alinisalimia kwanza. Taa nikaizima.

Sijui alifikaje nyumbani. Huenda gari lililonifuata lilimchukua.

Kwa hiyo nikikuambia hedifoni uzitoe, usiseme baba ananisumbua kwa jambo dogo. Wewe kazi yako ni kugonga milango ya wazee. Gonga mara mbili, mara tatu, ita kwa sauti. Siku za joto pita hata kwa yule ambaye hayumo kwenye orodha yako.

Mama yako anataka nikuandikie pia kwamba mauaji yamepungua mjini, kwamba mwaka 2021 yalikuwa kama 800 na mwaka 2024 hayakufika 600. Nimeandika. Kwangu mimi namba hiyo bado haijaniletea usingizi, lakini mtu aliyekuwa akiishi pale miaka yote hiyo na sasa anaona mwanawe anacheza nje tena, ana haki ya kuifurahia. Na usiende ukidhani matumaini unayabeba wewe kwenye mkoba wa dawa. Utaona vibao vya vikundi vya mtaa, vimeandikwa usioshe gari barabarani, usipige muziki juu, punguza mwendo kuna watoto. Aliyesimika kibao hicho ametarajia kuwapo hapo mwaka ujao. Nenda pia kwenye bustani kubwa. Zamani ilikuwa na jina la seneta Douglas, aliyefaidika na utumwa. Wanafunzi wakadai iongezwe herufi moja tu, s ya pili, ili iwe ya Frederick na Anna Douglass, mume na mke Weusi waliopigania utumwa ukomeshwe. Waliambiwa wasubiri, wakasubiri huku wakidai, mwaka 2020 ikabadilishwa. Nilipoisoma nilikukumbuka wewe na kile kiherehere chako cha darasa la sita. Kipindi kile nilikugombeza kuwa unajibu walimu. Ulikuwa na hoja.

Sasa mambo ya nyumbani. Koti zito liko kwa fundi, zipu yake imekufa, nitalichukua Jumanne. Radieta ya chumba chako kipya ikigonga usiku usiogope, huenda ni hewa au maji yaliyonasa ndani, mwambie mama mwenye nyumba aitazamishe kabla ya baridi. Mdogo wako atalala kitandani kwako, nimemkataza kugusa vitabu. Fomu yake ya chuo bado haijajazwa, nakuomba umsaidie Jumamosi kabla hujaondoka, mimi Kiingereza cha zile karatasi kinanishinda na yeye ananificha.

Umesema huyo mama mwenye nyumba anakaa chini na miguu inamsumbua. Mimi natoka kazini saa moja asubuhi na gari lina breki mpya. Kama ana miadi ya hospitali, siku yoyote, muulize na uniambie. Nitafika mpaka mlangoni, nitashuka kumfungulia.

Kifuniko cha sufuria kiko kabati la juu. Kimepinda upande mmoja, kigeuze ndipo kitakaa.

Baba yako